Chewa Hushikwa Maji Yakisimama

Mtu akinipigia simu kutaka nimpeleke akavue chewa, kwanza huniuliza injini ya boti ina nguvu za farasi ngapi, halafu bei. Mimi namrudishia swali: leo mwezi ngapi? Wageni hunijibu "Machi". Wenyeji wa Nungwi, huku kaskazini mwa Unguja, wanajua naulizia mwezi mwandamo, kwa sababu safari nzima imefungwa hapo.

Mwezi 1 na mwezi 15, yaani siku ya 1 na ya 15 tangu mwezi uandame, ni bamvua, maji makubwa. Kwetu Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji yote hayo yakipita kati ya Unguja na Pemba, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, hata la kilo nzima hupeperuka kama jani. Unaweza kutoa mita 120 za mshipi mahali penye kina cha mita 60 na chambo kisiguse chini. Mwezi 7 hadi 9, na tena 22 hadi 24, maji ni mafu, hayapandi wala kushuka sana. Hizo ndizo siku zangu. Nazipenda zaidi upepo wa kaskazi unapochoka, kabla masika hayajashika, maana wakati wa upepo wa kusi ule mkondo mkubwa unaopanda pwani yetu kuelekea kaskazini unakuwa na nguvu na hata maji mafu hayatulii vizuri.

Safari ninayoieleza ilikuwa mwezi 8, mwanzoni mwa Machi. Maji mafu ya kwetu hujaa mnamo saa 4 asubuhi, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: saa 4 niwe nimeshatulia juu ya mwamba, na kabla ya hapo niwe na chambo kibichi. Tuliondoka saa 11 alfajiri, mimi, mpwa wangu na mteja mmoja kutoka Dar, taa ya mnara wa Ras Nungwi ikiwa bado inawaka nyuma yetu.

Kurambaza ndiko kulikotupatia chambo. Watu wakiona mishipi minne inavutwa nyuma ya boti hudhani ndiyo safari yenyewe. Ukipata nguru au jodari, alhamdulillahi, lakini kwa mvuvi wa chewa kurambaza ni kwenda sokoni. Namtafuta sehewa, samaki wa jamii ya jodari. Nyama yake ina damu na mafuta mengi, inashika ndoana, na harufu yake inafika chini. Nilitoa mishipi miwili ya manyoya juu juu, boti ikienda noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa, tukifuata ukingo ambapo maji ya kijani yanageuka buluu. Ndege walituonyesha njia. Ndani ya nusu saa tulikuwa na sehewa watano na kolekole mmoja.

Mshipi wa tatu niliuwekea samaki wa plastiki mwenye ulimi mrefu, yule anayezama mita 8 au 9 akivutwa. Kwa huyo unapunguza mwendo mpaka noti 4 na kupita karibu na miamba yenye kina cha mita 12 hivi. Chewa wa miamba mifupi hupanda kumfuata. Tulimpata mmoja, mwekundu mwenye vidoti vya buluu, kilo 2 kasoro. Mteja akafurahi, akataka tuendelee hivyo hivyo. Nikamwambia hapana. Kwa kurambaza utampata chewa mdogo mwenye njaa. Mkubwa hana haja ya kukimbia. Anakaa mlangoni kwake, anafungua kinywa ghafla, na maji yanaingia pamoja na kitoweo. Na petroli haijui kama umepata au umekosa.

Saa 3 tulikuwa kwenye mwamba wangu. Kipima kina kilionyesha mchanga mita 64, kisha kitu kinanyanyuka hadi mita 58, pima 32 kwa hesabu ya wazee. Ni mwamba mdogo, pengine mpana kama uwanja wa mpira. Hapo sasa ndipo wengi wanapoharibu: nanga.

Ukiwa na amari, kamba ya nanga, ya mita 100 kwenye kina cha mita 58, boti ikikaza inalala karibu mita 80 kutoka nanga ilipo. Mvuvi mgeni anaitupa nanga juu ya mwamba, anarudi nyuma, anavua mchanga mpaka jioni. Aliyezoea kidogo anaitupa upande mkondo unakotoka, boti irudi hadi kwenye mwamba. Hiyo ni sahihi kwa wakati ule tu. Maji yakisimama, mwenye amri ni upepo, na boti inageuka. Nimewahi kupoteza saa nzima nzuri namna hiyo, kosa langu mwenyewe, nikivuta amari huku maji yanaanza kupwa.

Siku hizi natupa nanga kwa ajili ya upepo utakaonikuta saa 4. Maji yalikuwa yanatoka kusini, kaskazi ndogo inavuma kutoka upande wa pili. Nikaitupa nanga kaskazini mashariki ya mwamba. Boti ikavutwa na maji, ikalala mbali kabisa. Mpwa wangu akaangalia kipima kina.

"Mjomba, mwamba uko kule."

"Kata chambo."

Nanga yenyewe ni ya nondo nyembamba, kucha nne zilizochomelewa kwenye bomba. Wembamba huo ni wa makusudi: ikikwama, nafunga amari, naivuta kwa injini, kucha zinanyooka, nanga inatoka. Nyumbani nazikunja upya. Naitupa kwenye mchanga, siitupi juu ya matumbawe, kwa sababu hayo ndiyo nyumba ya samaki ninayemtafuta.

Saa 4 kasorobo amari ililegea. Boti ikaanza kugeuka polepole, na kwenye kioo cha kipima kina mchanga ukapanda ukawa mwamba. Tulishusha mishipi: nailoni nene, ndoana ya duara, kipande kinene cha sehewa chenye ngozi, chubwi la nusu kilo. Chubwi likigonga, unapandisha mikono miwili, basi. Wengine watakwambia maji yakisimama kabisa samaki hali. Kwa samaki aitwaye changu nakubaliana nao. Chewa hula dakika 20 kabla na dakika 20 baada, wakati bado kuna pumzi kidogo ya maji ya kupeleka harufu mlangoni kwake.

Mpwa wangu anavua kwa mkono, kidole kimevishwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilimwona akiinama mpaka kwapa likagusa ubavu wa boti.

"Nimeshika mwamba."

"Huo mwamba unapumua. Vuta!"

Mita 5 za mwanzo ndizo zinazoamua. Chewa akinasa anageuza kichwa kurudi shimoni, na akishaingia anatanua mashavu na mapezi, anakaza kama kabari. Hapo usishindane naye, utakata mshipi. Huyu aliingia. Nikamwambia alegeze kabisa, mita 2 za mshipi ziende bure, asubiri. Samaki akiona hakuna anayemvuta, anatoka kuangalia. Dakika 3, labda 4. Mshipi ukasogea pembeni, taratibu, na safari hii mpwa wangu alivuta mara sita bila kupumua.

Baada ya mita 20 chewa huacha kupigana, na hiyo haitokani na kuchoka. Mita 58 chini anabanwa na mgandamizo karibu mara 7 ya huu wa juu. Akipandishwa, hewa ya kifuko cha kuelea kilichomo tumboni mwake inatanuka mara 7. Mita 10 za mwisho peke yake zinaiongeza maradufu. Ndiyo maana anafika juu anaelea mwenyewe, tumbo limetokeza kinywani. Ukimtupa baharini hivyo anabaki kuelea mpaka mwewe au papa ampate. Mdogo namrudisha kwa chubwi la kilo 2 na ndoana iliyosagwa kijino chake cha kuzuia samaki asichomoke: namning'iniza mdomoni, nashusha hadi chini, nautikisa mshipi, anaachia. Hufa wachache zaidi kuliko wanaotobolewa kwa sindano, ili hewa itoke, na mtu asiyejua kifuko kiko wapi.

Yule wa mpwa wangu alikuwa kama kilo 14. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadaye wakigeuka madume, kwa hiyo huyo mkubwa huenda alikuwa dume pekee wa mwamba ule. Nilichukua watatu, nikauacha mwamba upumzike mpaka baada ya kusi. Mteja alitaka wa nne. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa, boti ikageuka tena, na kioo kikaonyesha mchanga mtupu, kwa hiyo hatukuwa na la kubishania.

Tuliwachinja hapo hapo, tukatoa matumbo na mashavu, barafu ndani na nje. Mnadani Nungwi dalali alibonyeza nyama kwa kidole, akaangalia macho, akaanza kutaja bei. Kichwa cha yule mkubwa hakikuuzwa. Dada yangu alikuwa ameshapiga simu mara mbili kukiulizia.