CD38 na jamaa zake: vimeng'enya vinavyokata NAD na kuamsha kalsiamu

CD38 ni kimeng'enya cha mwili wa binadamu, mnyororo wa asidi amino 300 uliopachikwa kwenye utando wa seli, na kinapatikana kwa wingi kwenye seli nyeupe za damu. Kazi yake ni kukata molekuli iitwayo NAD. Vipande vinavyotoka humo vina kazi zake, na baadhi ni ujumbe unaoiamuru seli ifungulie kalsiamu iliyoiweka akiba. Hapo ndipo zinapokutana mada mbili ambazo shuleni hufundishwa mbalimbali kabisa: umetaboli wa nyukliotidi, yaani molekuli ndogo za aina ya zile zinazojenga DNA, na seli zinavyowasiliana kwa kalsiamu. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna sababu ya ziada ya kuielewa habari hii, kwa kuwa mnyoo wa kichocho cha tumbo naye ana kimeng'enya cha ukoo huohuo, tena kiko kwenye ngozi yake.

Tuanze na kalsiamu. Ukiitaja, wengi huwaza mifupa, meno na dagaa wanaoliwa wazimawazima. Hiyo ni kalsiamu ya kujengea. Ipo nyingine, kidogo mno, iliyoyeyuka katika ute wa ndani ya seli, na huo uchache ndio unaoipa nguvu. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi karibu mara 10,000 kuliko ndani ya seli iliyotulia, na tofauti hiyo haijiwekei yenyewe. Kama mvuvi mwenye mtumbwi unaovuja, anayechota maji na kuyamwaga nje usiku kucha, seli huendesha pampu zinazotoa kalsiamu nje au kuisukumia kwenye vifuko vya ndani, na kazi hiyo hulipiwa kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Mlango ukifunguka hata kwa sehemu ya sekunde, kalsiamu huingia kwa kasi na seli huisoma kama amri: msuli unajikunja, tezi inamwaga homoni, yai lililorutubishwa linaanza safari ya kugawanyika. Kisha pampu zinasafisha, na seli iko tayari kupokea amri nyingine.

NAD nayo ni nyukliotidi mbili zilizoungana kwa fosfati zake. Moja ina adenini, ileile iliyomo kwenye ATP, na nyingine ina nikotinamaidi, ambayo ni aina mojawapo ya vitamini B3. Arthur Harden na William Young waliigundua mwaka 1906 walipokuwa wakichunguza jinsi hamira inavyochachusha sukari. Kazi yake inayofahamika zaidi ni kupokea elektroni kutoka kwenye chakula kinachovunjwa na kuzikabidhi mbele, ambako nishati yake hutengeneza ATP. Ikishakabidhi, inarudi kupokea tena. Kazi hiyo haiimalizi NAD. CD38 huimaliza, maana ikishakatwa imekatwa, na seli inalazimika kuunda nyingine kwa kuokota nikotinamaidi iliyobaki au kwa kutumia niasini (aina nyingine ya vitamini B3) na triptofani (asidi amino mojawapo) za kwenye chakula.

Kwa kuwa tumefika kwenye chakula, niseme jambo moja kuhusu sahani yetu. Mahindi yana niasini, ila sehemu kubwa imefungamana na vitu vingine kiasi kwamba utumbo hauipati, na watu wanaoishi kwa mahindi matupu kwa muda mrefu hupata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Ugali kwa dagaa au kwa sato unatuepusha na hilo, kwa sababu samaki huleta niasini na triptofani kwa pamoja.

Uhusiano wa NAD na kalsiamu haukugunduliwa kwa binadamu. Uligunduliwa kwenye mayai ya yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba pande zote, ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kuwachoma nyayo. Mayai yake hupatikana kwa wingi mno, na mbegu ya kiume ikishaingia kwenye yai, wimbi la kalsiamu hupita toka upande mmoja hadi wa pili. Mwaka 1987 Hon Cheung Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walivunja mayai hayo, wakatenga vifuko vinavyohifadhi kalsiamu, wakaviwekea NAD. Kalsiamu ilitoka, ila ilichelewa. Zilipita dakika kadhaa kwanza. Mtu mwingine angeupuuza ucheleweshaji huo na kuandika tu kwamba NAD hutoa kalsiamu. Wao waliona kwamba NAD haifungui mlango wowote. Kuna kitu ndani ya mchanganyiko kinachoigeuza kwanza, na kile kinachozaliwa ndicho kinachofungua. Kilikuja kutambuliwa kuwa ADP-ribosi, yaani NAD iliyoondolewa nikotinamaidi, iliyojipinda na kufunga duara, kwa kifupi cADPR.

Kimeng'enya kinachoitengeneza kilisafishwa kutoka kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Mwaka 1992, mfuatano wake wa asidi amino ulipolinganishwa na protini nyingine zilizokwisha kujulikana, ulionekana kufanana waziwazi na CD38 ya binadamu. Wataalamu wa kinga walikuwa wanaijua CD38 tangu miaka ya 1980, lakini kama alama ya kutofautishia seli nyeupe tu. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa inafanya kazi ya kikemia muda wote huo. Katika biokemia yote niliyosoma, sijakutana na ugunduzi unaonivutia kuliko huu wa konokono kuwafafanulia madaktari damu ya binadamu.

Hata hivyo CD38 na kimeng'enya cha Aplysia hawafanyi kazi sawasawa. Cha konokono hugeuza karibu NAD yote kuwa cADPR. CD38 hutoa zaidi ADP-ribosi ya kawaida, isiyofunga duara, pamoja na nikotinamaidi. cADPR ni sehemu ndogo sana ya mazao yake. Na penye asidi, CD38 ikipewa NADP (NAD yenye fosfati ya ziada) na asidi ya nikotini, yaani niasini, hubadilisha kipande kwa kipande na kutoa ujumbe wa tatu, NAADP. Kila zao lina mlango wake. cADPR huchochea milango iitwayo vipokezi vya rayanodini, iliyoko kwenye vifuko vikubwa vya kalsiamu. NAADP, kwa kiasi kidogo mno, hufungulia kalsiamu ya kwenye laisosomu, vifuko vya seli vya kusagia taka, kupitia milango ya TPC iliyotambuliwa mwaka 2009. ADP-ribosi ya kawaida hufungua TRPM2, mlango wa kwenye utando wa nje. Kazi zote hizo hutegemea asidi amino moja iliyo katika nafasi ya 226. Ikibadilishwa hiyo peke yake, kimeng'enya kinabaki na umbo lake lakini hakikati tena.

Maabara hupimaje kitu kama hiki? Njia mojawapo ni kukipa kimeng'enya NGD, yaani NAD ambayo adenini yake imebadilishwa kwa guanini. Kimeng'enya huipokea na kuifunga duara vilevile, lakini duara hilo jipya hung'aa likipigwa mwanga wa urujuanimno. Unatazama mng'ao ukipanda kwenye mashine, sekunde kwa sekunde, na hapo unajua kazi inakwenda kwa kasi gani.

Kuna fumbo lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi. CD38 nyingi hukaa huku sehemu yake ya kukatia ikiwa imeelekea nje ya seli, wakati NAD nyingi na milango ya kalsiamu viko ndani. Mtu atatumaje ujumbe wa ndani akiwa amesimama nje? Maelezo yaliyopendekezwa ni kadhaa: NAD hupenyezwa nje na cADPR hurudishwa ndani na protini za usafirishaji, au kipande cha utando humezwa na seli pamoja na CD38 yake. Mwaka 2012 ikaonyeshwa pia kwamba baadhi ya CD38 hukaa kinyume, sehemu ya kukatia ikiwa ndani. Kwa maoni yangu hili la mwisho ndilo linalotatua mengi, ingawa njia hizo zinaweza kabisa kufanya kazi pamoja katika seli tofauti.

Hospitalini CD38 imekwisha kupata umuhimu wake. Seli za saratani ya damu iitwayo mailoma hubeba CD38 nyingi sana, na daratumumab, kingamwili inayoishika CD38 ili kinga ya mwili izishambulie seli hizo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Upande wa uzee, utafiti wa mwaka 2016 kwa panya ulionyesha CD38 ikiongezeka na NAD ikipungua kadiri umri unavyosogea. Kutokana na hilo vimezuka vidonge vingi vya kuongeza NAD. Vinaweza kweli kuipandisha kwenye damu. Kumrudishia mtu ujana ni dai jingine, na hilo halijathibitishwa kwa binadamu.

Sasa turudi ziwani. Kichocho cha tumbo huletwa na Schistosoma mansoni. Lava wake, yaani mnyoo mchanga, hutoka kwenye konokono wa maji baridi wa jamii ya Biomphalaria, akapenya ngozi ya anayechota maji, anayefua au anayevua, na akishakua hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka. Kuishi ndani ya damu bila kuuawa na kinga ni kazi kubwa, na sehemu ya siri yake iko kwenye ngozi. Mnyoo huyu hawezi kujitengenezea purini, yaani viini vya ATP na DNA, kuanzia mwanzo. Lazima aokote za mwenyeji wake. Ngozi yake ina vimeng'enya vinavyovunja ATP na ADP (ATP iliyopungukiwa fosfati moja) zilizomo kwenye damu, na ADP ndiyo inayoziita chembe sahani zigandane. Mwaka 2005 watafiti walieleza kimeng'enya chake kiitwacho SmNACE, ndugu wa CD38, kilichoko kwenye ngozi ya nje ya mnyoo mkubwa. Hukata NAD na kinaweza pia kutengeneza NAADP. NAD iliyotoka nje ya seli huwa dalili ya madhara kwa kinga ya mwili, kwa hiyo mnyoo anayeikata ana nafasi ya kunyamazisha kengele hiyo.

Dawa tuliyonayo, praziquantel, nayo hupitia kwenye kalsiamu, lakini kwa njia nyingine. Waliosoma shule za msingi kando ya ziwa wanakumbuka foleni mbele ya kile kijiti chenye alama: urefu wako ndio unaoamua idadi ya vidonge vile vikubwa vichungu. Mwaka 2019 ilibainika kwamba dawa hii hufungua mlango wa mnyoo wa kundi la TRPM, kundi lilelile la TRPM2. Kalsiamu huingia kwa wingi, misuli ya mnyoo hukakamaa, na ngozi yake huharibika. Minyoo bapa inayoonekana kwenye maini ya ng'ombe machinjioni haidhuriki kwa dawa hiyo, kwa sababu mlango wao unatofautiana kwa asidi amino moja mahali dawa inaposhika.

Kutegemea dawa moja kwa ugonjwa ulioenea hivi ni hatari, na ndiyo maana SmNACE inatafutiwa kizuizi. Kinachotakiwa ni kitu kitakachoibana SmNACE na kuiacha CD38 yetu iendelee na kazi. Katika majaribio ya maabara, sianidini, rangi ya asili iliyomo kwenye matunda mengi mekundu na kwenye rosela, imeonekana kuizuia SmNACE. Naliandika hili kwa tahadhari kwa sababu najua litakavyosambazwa: hayo ni matokeo ya kimeng'enya kilichotengwa kwenye chombo cha maabara. Rosela unayokunywa humeng'enywa na kubadilishwa kwenye utumbo na ini kabla ya kufika kwenye damu anamokaa mnyoo, na hakuna ushahidi kwamba inatibu kichocho. Aliye na kichocho aende kituo cha afya akapimwe choo na kupewa praziquantel.