Sio kansa, na bado imetembea mpaka moyoni

Mara ya tatu hii ndani ya mwezi mmoja. Kijana kanipigia kutoka Kasulu, shikamoo dokta, marahaba, halafu hata pumzi hajavuta: "Si mlituambia uvimbe wa mama sio kansa? Mbona sasa wanasema uko kwenye mshipa wa damu? Mlitudanganya." Yeye namwelewa, ni mtoto wa watu ana hofu. Wawili waliomtangulia walikuwa madaktari wenzangu, na mmoja kaniandikia kabisa WhatsApp, "ikishatembea ni kansa tu hiyo, usijisumbue."

Jamani. Mayoma, ule uvimbe wa msuli wa kizazi, zinaweza kuingia kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zikapanda kupitia vena za nyonga mpaka vena kava, ile vena kubwa inayoingia kwenye moyo, zikafika chumba cha juu kulia cha moyo, na zikawa bado ni mayoma. Imeandikwa tangu 1896, na ya kufika moyoni tangu 1907, sio habari ya jana. Ni nadra, sawa, wengi wenye mayoma hawatakutana nayo, lakini nadra maana yake sio haipo.

Hapa ndipo watu wananikera. Mtu akisikia "imetembea" anafikiria mbegu, kwamba seli zimechomoka zikaenda kuota kwingine. Hii haiendi hivyo, hii ni kama shina la boga, umepanda uani kwako na limetambaa mpaka kwa jirani, ukilivuta unakuta mzizi bado uko kwako. Inaota ndani ya vena kwenye nafasi ya damu, mara nyingi hata ukuta wa vena haijaushika, inaelea tu. Ukiikuta kwenye operesheni, ukikata mishipa ya pembeni ya kizazi unaona kitu cheupe kinachungulia kwenye tundu la vena, ukikibana kinateleza nje taratibu kama utumbo wa kuku uliochemshwa. Weka chini ya hadubini: seli za msuli laini zile zile, hazina viini vya ajabu, hazigawanyiki ovyo. Kuna wengine wanaopata na vijivimbe kwenye mapafu vya seli hizo hizo, na hapo nakiri mfano wangu wa boga unachechemea.

Imeanzia kwenye mayoma ikapenya vena, au imeanzia kwenye ukuta wa vena yenyewe? Wakubwa wanabishana zaidi ya miaka mia sasa, mimi ukinibana ntasema ya kwanza, ila kesho naweza kubadilika.

Kosa la pili ni kuiita damu iliyoganda. Kuna mama wa Ujiji alikuja miguu imevimba yote miwili, akiinama kuanika dagaa anaona giza, mara mbili kaanguka kabisa. Kizazi alitolewa miaka minne nyuma hospitali nyingine. Kanywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miezi mitano kwa ajili ya "donge la damu" ambalo halipungui, na kila kliniki anaongezewa dozi. Nikaweka proba ya ultrasaundi tumboni, kitu kimelala ndani ya vena kava kirefu kama mgebuka, kila moyo ukipiga kinatikisika, na nikiwasha dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea, kina damu yake ndani inapita. Damu iliyoganda kwa kawaida haina mishipa yake, wapendwa! Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikaonyesha kichwa chake kinachezea mlangoni kwenye vali, akiinama kinaziba, ndio ile giza. Eko peke yake wangeweza kusema ni uvimbe uliozaliwa moyoni, kwa hiyo siti skani ichukue kuanzia nyonga mpaka kifua, usikate njiani.

Dawa ya kuyeyusha hamna, na mizizi ya sokoni pia hamna. Ni kisu. Kikifika moyoni inabidi mashine ya kushika kazi ya moyo, kwa hiyo ni Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, timu ya moyo, ya mishipa na sisi wa kizazi tukae meza moja. Wengine wanafungua kifua na tumbo siku moja, wengine wanagawa mara mbili kama mgonjwa ni dhaifu.

Panaponinyima usingizi ni ovari, vile vifuko vya mayai vinavyotoa homoni. Hiki kitu kinakula homoni, ukiziacha unakilisha, na kurudi kinarudi, zipo ripoti zinazofika mpaka asilimia 30. Mama wa miaka 46 mwenye watoto sita tunaongea dakika tano tunaelewana. Wa miaka 31 hana mtoto je? Vitabu vinaandika "toa ovari zote mbili" kama vile vinaagiza chai. Dawa za kuzuia homoni zipo na ninaziandika, ila ushahidi wake ni wagonjwa wachache wachache, na ninapoziandika mkono wangu unasitasita.

Na mimi nisijifanye mtakatifu. Miaka yangu ya kwanza nimefunga vena ngapi bila kuchungulia ndani yake? Nilikuwa nawahi kesi inayofuata.

Basi yule kijana nikamwambia sio kansa, tulia, nenda hospitali alikofanyiwa operesheni ya kwanza ukatafute ripoti ya patholojia, yaani ya kipimo cha nyama iliyotolewa. Maana ipo na sakoma, kansa ya msuli, inayoingia kwenye vena hivi hivi, na kwenye picha zinafanana, hadubini ndiyo inayozitenganisha. Jana kanipigia. Faili lipo. Ripoti hamna, kizazi hakikupelekwa Mwanza wala popote, kuna neno moja tu limeandikwa kwa mkono, "mayoma," na chini yake sahihi.

Kwa hiyo "sio kansa" ile waliyoambiwa hakuna aliyeiangalia, na mimi nilikuwa nimeshairudia kwenye simu kwa sauti ya ukali kabisa. Nimempigia tena kumwambia hivyo. Kanyamaza muda mrefu, halafu kaniuliza siti skani ni shilingi ngapi.