Njia ya kuunganisha haichomekwi tu pembeni

Wengi wakiona barabara kuu mbili zinapishana bila njia ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine husema: wahandisi walisahau, wamwage zege pale pembeni, basi. Sivyo.

Tazama Bristol, Pennsylvania, Marekani. Kwa miongo kadhaa barabara kuu ya I-95 na barabara ya kulipia ya Pennsylvania Turnpike zilipishana kwa daraja tu. Dereva aliyetaka kuhama alishukia barabara za mitaa zenye taa za kuongoza magari. Hakuna aliyesahau. Turnpike ilitoza kwa tiketi: unaichukua unapoingia, unalipa unapotoka, kwa hiyo kila mlango mpya ulidai vibanda vyake. Ilibidi kwanza kizuizi cha tozo kihamishiwe magharibi, Neshaminy Falls, Januari 2016, ili makutano yabaki nje ya sehemu ya tiketi. Kuna pia kona, ambayo lazima iwe pana ili lori lisipinduke, na urefu wa kutosha wa kujiunga na magari yaendayo kasi. Hapo ndipo pesa huishia.

Barabara mbili za juu zilifunguliwa Septemba 2018: I-95 kaskazini kwenda Turnpike mashariki, na kinyume chake. Mielekeo mingine sita iliachiwa awamu ya baadaye.