Nani anastahili kuandikwa jina kwenye makala ya kitaaluma?

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mhariri wa jarida la kitaaluma hapa Dar es Salaam, na jambo la kimaadili ambalo limenikosesha usingizi kuliko yote si wizi wa maandishi, kama wengi wanavyodhani, bali ni majina. Wizi wa maandishi una programu za kuusaka: unapakia makala, unaoneshwa aya zinazofanana na maandishi ya watu wengine, kisha unakaa na kuamua. Orodha ya majina iliyo chini ya kichwa cha makala haina programu ya kuipima. Mhariri anaipokea kwa imani.

Masika iliyopita tulikuwa na makala kuhusu ubora wa maji ya visima katika mitaa ya Temeke. Iliwasilishwa ikiwa na majina matatu: mwanafunzi wa uzamili, msimamizi wake, na mtaalamu wa maabara aliyepima sampuli. Wapitiaji wawili waliisoma, ikarekebishwa mara mbili, ikakubaliwa. Siku tatu kabla ya kwenda kwa mpangaji kurasa nikapata barua pepe ya mwanafunzi: "Shikamoo Mwalimu. Naomba tuongeze jina la mkuu wetu wa idara, liwe la pili." Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba mkuu huyo ndiye aliyesaini barua ya kuombea kibali cha utafiti.

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, iliyoanza kwa mkutano wa wahariri wachache huko Vancouver, Kanada, mwaka 1978, imeweka vigezo vinne ambavyo hata majarida mengi yasiyo ya tiba yameviazima. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa katika kuubuni utafiti, au kukusanya, kuchambua ama kufasiri data. Aliyeandika rasimu au kuihakiki kwa kina. Aliyeidhinisha nakala ya mwisho. Na aliyekubali kuwajibika kwa kazi yote. Vigezo hivyo havichaguliwi kimoja kimoja, bali vyote vinne lazima vitimie. Kusaini kibali, kutafuta fedha au kuongoza idara ni msaada wa kweli, na mahali pake ni kwenye shukrani. (Programu za akili unde nazo, ambazo baadhi ya watu wamezitaja kama waandishi, hukwama kwenye kigezo cha nne: haziwezi kuwajibika.)

Kigezo hicho cha nne kiliongezwa mwaka 2013, na naona ndicho chenye uzito kuliko vingine. Mwezi Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa UVIKO-19, uliodai kwamba dawa hiyo iliambatana na vifo zaidi. Ndani ya siku chache Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda sehemu ya majaribio yake iliyohusu dawa hiyo. Wasomaji walipoanza kuhoji takwimu, waandishi watatu kati ya wanne waliomba makala ibatilishwe, kwa sababu hawakuweza kupatiwa data ghafi ili ihakikiwe na watu huru. Data hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya mwandishi wa nne. Majina yao yalikuwa yamebeba madai ambayo wao wenyewe hawakuwa na njia ya kuyathibitisha.

Naelewa shinikizo lilipo. Kupanda cheo chuoni hutegemea machapisho, na mwanafunzi anayesubiri sahihi ya mkubwa kwenye tasnifu yake hana ujasiri wa kumkatalia. Lakini heshima kwa mkubwa ni jambo moja, na kuwaambia wasomaji kwamba ameifanya kazi ambayo hakuifanya ni jambo jingine, nalo ni uongo. Linaloniuma zaidi ni upande wa pili wa tabia hiyohiyo: jina la mwenye cheo linapoingia, la kijana aliyetembea juani na daftari mara nyingi halifikiriwi kabisa. Kamati ile inasema wazi kwamba vigezo hivi visitumike kumfungia mtu mlango. Aliyetimiza cha kwanza anapaswa kupewa nafasi ya kusoma rasimu, kuihakiki na kuiidhinisha.

Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, ina mwongozo wa hali kama ile. Uchapishaji husimama, waandishi hueleza sababu ya badiliko, na wote hukubali kwa maandishi, pamoja na anayeongezwa. Wakishindwa kuelewana, suala hurudi kwenye taasisi yao, kwa kuwa mhariri hakuwepo maabara wala kisimani na si hakimu wa nani alifanya nini. Kwa hiyo niliwatumia fomu wanne wote, nikaongeza swali moja: ni nani aliyechota maji?

Mkuu wa idara alijibu siku hiyohiyo kwamba hakuwa ameisoma makala na kwamba atatosheka kutajwa kwenye shukrani. Swali langu likaleta jina la msaidizi wa utafiti, ambaye ndiye aliyechagua visima vya kupima na kurekodi kina chake. Msimamizi alimtumia rasimu. Baada ya siku mbili msaidizi huyo akairudisha na maelezo kwenye Jedwali la 2: vina vya kisima cha sita na cha saba vilikuwa vimebadilishana, na hivyo maji yaliyochafuka zaidi yalitoka katika kisima kifupi, si kirefu kama makala ilivyosema. Aya mbili za mjadala ziliandikwa upya, wapitiaji wakazisoma tena, waandishi wote wakatia sahihi, na toleo likatoka likiwa limechelewa wiki tatu, lenye jina la msaidizi huyo katika nafasi ya tatu.