Kwa nini gololi haifiki kwenye alama

Kidato cha tano wakifanya jaribio la gololi, ripoti nyingi huja na sentensi ileile: "Tofauti imesababishwa na ukinzani wa hewa." Hewa inasingiziwa.

Jaribio ni rahisi. Unaachia gololi ya chuma kwenye mteremko mdogo uliowekwa mezani. Inashuka, inatoka ukingoni ikiwa sambamba na sakafu, halafu inatua kwenye karatasi nyeupe iliyofunikwa kwa kaboni na kuacha kidoa. Kabla ya kuiachia, mwanafunzi anakokotoa itatua wapi na kuchora X.

Angani gololi ina mienendo miwili kwa pamoja. Kwa ulalo, umbali x ni kasi v mara muda t: x = vt. Kwa wima inaanguka kana kwamba imeachiwa tu hapo ukingoni: H = ½gt², ambapo H ni kimo cha ukingo kutoka sakafuni na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Kinachoiunganisha milinganyo hii ni t peke yake. Kama ukingo uko mita 0.80 juu ya sakafu, t ni sekunde 0.40, iwe gololi imetoka kwa kasi au kwa kujivuta. Wengi hukwama hapa: wanaichomeka v ya ulalo kwenye mlinganyo wa wima, ambako haina kazi yoyote.

Basi v tunaipata wapi? Gololi ikishuka kimo h cha mita 0.15, wanafunzi huchukulia kwamba nishati yote ya kimo inageuka kuwa ya kusonga mbele, wanaandika mgh = ½mv² (m ni masi ya gololi), wanapata mita 1.7 kwa sekunde, na X inachorwa sentimita 69 kutoka chini ya ukingo. Kidoa kinatokea kwenye 58 hivi. Rudia uone: vidoa vinarundikana palepale, vyote vimepungukiwa. Sasa pima hiyo hewa. Kwa gololi ya beringi yenye kipenyo cha milimita 16, ukinzani wake haufiki asilimia 1 ya uzito wa gololi, hata inapokaribia kugusa sakafu. Hauwezi kula sentimita 11.

Kilichozila ni mzunguko. Gololi haitelezi, inabiringika, na kubiringika kunagharimu nishati. Tufe lisilo na uwazi ndani hupeleka sehemu 5 kati ya 7 za nishati yake kwenye kusonga mbele, na 2 zilizobaki kwenye kuzunguka. Kwa hiyo v² = 10gh/7, yaani mita 1.45 kwa sekunde, na X inasogea hadi karibu sentimita 59.

Sasa unganisha yote: x² = (20/7)Hh. g imetoweka! Kuanguka kwa kasi zaidi kunafupisha muda, lakini kushuka mteremko kwa kasi zaidi kunaongeza v, na hayo mawili yanafutana. Mwezini gololi ingetua umbali uleule. Ndiyo maana Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyefanya jaribio la namna hii mwanzoni mwa karne ya 17 akiwa mjini Padua, hakuhitaji saa: alilinganisha urefu kwa urefu. Tena, kwa kuwa alitumia uwiano, ile 5/7 haikumsumbua, inajifuta yenyewe.

Mimi huwaambia wanafunzi waachie gololi kutoka vimo mbalimbali, wachore grafu ya x² dhidi ya h, kisha wasome mwinamo wa mstari, yaani x² inaongezeka kiasi gani kwa kila mita ya h. Kwa meza yetu, kuteleza kungetoa 3.2 na kubiringika 2.3. Grafu inaamua ubishi, mradi vipimo ni safi. H ipimwe kutoka ukingo wa mteremko, si uso wa meza. Sifuri ya x itafutwe kwa timazi. Na ncha ya mteremko iwe mlalo kabisa: gololi ukiiweka hapo itulie. Ikiinama nyuzi 3 tu kwenda chini, umeshapoteza zaidi ya sentimita moja.

Wanaotumia reli ya pazia watapata mwinamo ulio chini hata ya 2.3. Humo gololi haikanyagi kwa kitako chake. Inaegemea kingo mbili za mfereji, kwa hiyo inalazimika kuzunguka haraka zaidi kwa kila sentimita inayosonga, na mzunguko unachukua zaidi ya zile sehemu 2 kati ya 7.