Utashi wa kisiasa katika chanjo za watoto: maana yake nini?

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa limekaa Dodoma, maneno "utashi wa kisiasa" husikika kila kona: ukumbini, kwenye semina za hotelini, kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ikifika zamu ya Wizara ya Afya, maneno hayo huambatana na chanjo za watoto, na wengi wetu tunayapokea kama pambo la hotuba. Naona yanastahili kufafanuliwa vizuri, kwa sababu ndiyo yanayoamua nani anachomwa sindano ya surua kwa wakati na nani anarudishwa nyumbani mgongoni mwa mama yake bila kuchanjwa.

Utashi ni hali ya kutaka jambo kwa dhati. Tukisema utashi wa kisiasa tunawazungumzia wenye mamlaka ya kugawa fedha za umma, kuajiri na kutunga sera, kwamba wanalitaka jambo hilo kiasi cha kulilipia kabla ya mengine yanayogombea shilingi ileile. Ahadi ni kitu kingine. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kwamba afya itapewa asilimia 15 ya bajeti za nchi zao, na nchi nyingi hazijafika hapo hadi leo. Mawaziri walikutana tena Addis Ababa mwaka 2016 wakaweka ahadi mahsusi za chanjo, nazo zikaidhinishwa na wakuu wa nchi Januari 2017. Saini zipo. Utashi unajulikana pale fedha zinapokuwa chache na mtu analazimika kuchagua.

Anayefuatilia bajeti anajua tofauti ya fedha zilizotengwa na fedha zilizotoka. Wizara ya Afya, ambayo katika vitabu vya bajeti ni Fungu 52, inaweza kutengewa fedha za chanjo Juni, Bunge likapitisha, mwaka wa fedha ukaanza Julai mosi, halafu fedha zikatoka kwa kusuasua. Kwa ofisi inayongoja samani mpya, kuchelewa huko si msiba. Kwa chanjo ni msiba. Nchi nyingi za kipato cha chini hununua kupitia UNICEF, na kwa kawaida malipo hutangulia oda. Bei ni ya dola, hivyo shilingi ikishuka, fedha zilezile zinanunua dozi chache. Viwanda navyo havizalishi kwa siku mbili. Hazina ikichelewa miezi michache, pengo linaonekana baadaye sana, wakati kikao cha bajeti kimeshasahaulika, na muuguzi wa wodi ya wazazi ndiye anayemwambia mama kwamba BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, imekwisha. Mwaka 2025 wenzetu wa Kenya walikosa BCG na matone ya polio katika vituo vingi, na ucheleweshaji wa fedha ulitajwa miongoni mwa sababu. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule hakuwa na namna ya kusubiri bajeti nyingine.

Utauliza, si tunapewa chanjo na wafadhili? Kwa sehemu, ndiyo. Mpango wa Taifa wa Chanjo wa Tanzania ulianza 1975, na tangu mwaka 2000 shirika la Gavi limezisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata chanjo mpya zilizo ghali zaidi, kama za nimonia na kuhara. Lakini tangu 2008 nchi hizo nazo zinachangia. Zile maskini kabisa zimekuwa zikilipa senti 20 za dola kwa kila dozi, na kadiri pato la taifa linavyopanda, mchango nao hupanda. Chanjo za zamani, BCG na matone ya polio zikiwamo, hubaki mzigo wa serikali. Tanzania ilitangazwa kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini Julai 2020, na tulishangilia. Tungeshangilia huku tukijua kwamba hatua ile inatusogeza karibu na siku ya kulipa wenyewe. Juni 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha mchango wake kwa Gavi. Kwa hiyo swali la utashi si la semina tena.

Fedha zikitoka na chanjo zikafika nchini, kazi haijaisha. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu uwanja wa ndege hadi kwenye jokofu la zahanati, na Dodoma hii mnaijua jua lake la Oktoba. Kisha kuna jambo moja ambalo huwa linaniuma kuliko yote.

Chanjo ya surua-rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, kisha tena akiwa na miezi 18. Kwa kawaida chupa yake huwa na dozi 10. Ikishafunguliwa na kuchanganywa na maji yake, kinachobaki baada ya saa sita lazima kimwagwe. Sasa fikiria zahanati ya kijiji, wamekuja kina mama watatu tu. Muuguzi akifungua chupa, dozi saba zinaweza kupotea, naye anajua mwisho wa mwezi ataulizwa kwa nini matumizi hayalingani na idadi ya watoto. Asipofungua, atawaambia, "Mama, rudi Jumatano, watoto watakuwa wengi." Mmoja wa kina mama hao ametembea saa mbili. Jumatano inaweza kumkuta shambani, maana mvua za Dodoma ni chache na siku ya kupanda haiahirishwi. Mtoto anabaki bila kinga.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: fungua hata kwa mtoto mmoja. Ila mwongozo huo una gharama. Lazima mtu wa juu akubali kununua dozi zaidi ya idadi ya watoto, na amhakikishie muuguzi kwamba hataadhibiwa kwa zilizomwagwa. Huo ndio utashi wa kisiasa ukiwa umeshuka hadi mezani kwa muuguzi, na binafsi naupima hapo kuliko penginepo. Surua inahitaji takriban watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga ndipo isienee, kwa hiyo hao wachache wanaorudishwa nyumbani ndio pengo lenyewe.

Zahanati nazo ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo utashi haumhusu waziri peke yake. Kliniki ya mkoba, ile inayofanyika chini ya mbuyu katika kitongoji kisicho na zahanati, inategemea mafuta ya pikipiki, posho ya siku, na makorongo yasiwe yamejaa. Familia za wafugaji zinazohama na ng'ombe kiangazi kikikaza huifikia chanjo kwa njia hiyo au haziifikii kabisa. Baraza la madiwani likikata mafuta hayo ili kuziba pengo jingine, hakuna gazeti litakaloandika.

Na hapa kuna ugumu ambao sitaki kuwaonea wanasiasa. Darasa lina jiwe la msingi, barabara ina utepe wa kukata, lakini mtoto ambaye hakuugua surua haonekani na mtu yeyote, wala mama yake hajui kwamba angeweza kuugua. Ni vigumu kuombea kura kitu ambacho hakikutokea. Ndiyo maana kiongozi anayesimama hadharani na kutumia jina lake kwa ajili ya chanjo anafanya kazi halisi. Rais Samia alipochanjwa chanjo ya UVIKO-19 mbele ya kamera Ikulu, tarehe 28 Julai 2021, baada ya miezi ya mashaka nchini, wengi waliokuwa wakisitasita walipata pa kuanzia.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ya kuviona vyote viwili: Bunge na Mji wa Serikali Mtumba viko katika mkoa mmoja na vijiji vya Bahi, Chemba na Mpwapwa. Zahanati huwa na kamati yake, na humo wamo wawakilishi wa wananchi. Ukimpata mmoja wao, muulize kliniki za mkoba zilipangwa mara ngapi robo mwaka iliyopita na zilifanyika mara ngapi. Muulize pia kama muuguzi anaruhusiwa kufungua chupa ya surua kwa mtoto mmoja.