Je, wajua kwa nini oringi hubana zaidi presha inapopanda?

Jeki ya mafuta ikianza kushuka yenyewe huku gari liko juu, fundi mzoefu huifungua na kwenda moja kwa moja kwenye pistoni. Anachokoa kimpira cha duara kilicholala kwenye mfereji wake, anakikunja kati ya vidole kutafuta ufa. Hiyo ndiyo oringi. Haina springi wala mdomo, ni pete ya mpira tu, na bado inazuia mafuta yenye presha ya kunyanyua gari.

Ungedhani presha ikizidi, mpira laini utaelemewa. Kumbe ndipo unapokaza.

Mfereji huchimbwa kina kidogo kuliko unene wa oringi, kwa hiyo pistoni ikiingia, oringi inabonyea. Kubonyea huko kunatosha mafuta yakiwa yametulia. Lakini mfereji huohuo ni mpana kuliko oringi, ili iwe na nafasi ya kusogea. Mafuta yakisukuma, oringi inahamia ukuta wa pili, palepale penye upenyo ambao mafuta yangetorokea. Sasa, mpira hubadilika umbo kirahisi ila ujazo wake haupungui. Ukisukumwa ubavuni hauna pa kwenda isipokuwa kukandamiza chuma juu na chini. Nguvu ya kukandamiza inakuwa ule mbano wa mwanzo, jumlisha presha ya mafuta yenyewe. Kila mafuta yakiongeza nguvu, yanajifungia mlango.

Aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mpangilio huu Marekani ni Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia huko mwaka 1891 na kutumia miaka mingi kwenye breki za tramu. Aliomba hataza mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 72, akapewa mwaka 1939. Pete za mpira zilikuwapo zamani. Ujanja wake ulikuwa kwenye vipimo vya mfereji. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, serikali ya Marekani iliichukua hataza hiyo ili viwanda vingi vitengeneze oringi za ndege, naye akalipwa dola 75,000. Kwa kitu kilichoenea kiasi hiki, naona alipunjwa.

Ila yote hayo yanategemea mpira ubaki laini. Asubuhi ya baridi kali ya Januari 28, 1986, oringi za roketi ya chombo cha anga cha Challenger ziligoma kutanuka upesi, gesi ya moto ikapenya, chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa.

Mafuta nayo yana mpira wake. Oringi ya nitrile, aina ya mpira wa kiwandani, huvumilia oili na dizeli. Mipira ya breki zinazotumia mafuta ya glikoli ni ya aina nyingine, na ukiiosha kwa petroli itavimba, breki zianze kukamata.